Mto ukifurika, legeza kamba usiifungue



Kwetu neno vuli hutukumbusha mvua, zile za Oktoba hadi Desemba ambazo mkulima huzipandia kwa matumaini na wasiwasi pamoja, maana hazina uhakika kama za masika. Neno hilohilo tunalitumia pia kwa majira mengine ya huko Ulaya, kuanzia Septemba hadi Novemba, majani ya miti yanapogeuka rangi na kupukutika, mchana unapofupika, na dhoruba zinapoanza kuingia kutoka Bahari ya Atlantiki. Leo nataka tuitazame vuli hiyo ya pili, kupitia watu ambao wengi wetu hatuwafikirii: watu ambao nyumba yao ni boti. Wanaishi juu ya maji mwaka mzima, na vuli ndiyo huwapima.

Nimewachagua kwa sababu tupo katika Dominika za mwisho za mwaka wa Kanisa. Ni mwezi wa kuwaombea Waamini Marehemu, na masomo ya Misa yanazungumzia misukosuko na mwisho wa mambo. Aidha, kila wiki hujitokeza mwamini mwenye swali lilelile kwa maneno tofauti: Padri, nyumbani kwangu maji yamepanda, nifanye nini? Wanaoishi kwenye boti wana jibu la vitendo, na jibu hilo liko katika kamba.

Kwanza tuwafahamu. Uingereza ina mtandao mkubwa wa mifereji ya kusafiria iliyochimbwa kwa mikono ya watu, mingi katika karne ya 18. Mfereji wa Bridgewater, uliofunguliwa mwaka 1761, ulikuwa wa kusafirisha makaa ya mawe kutoka machimbo ya Worsley kwenda Manchester. Mingine mingi ilifuata, ikiunganisha miji na mito. Leo sehemu kubwa ya mifereji na mito hiyo inatunzwa na taasisi ya hisani iitwayo Canal & River Trust, iliyoanza kazi mwaka 2012 na kusimamia njia za maji zenye urefu wa karibu kilomita 3,200 katika England na Wales. Boti zilizopo humo ni zaidi ya 30,000. Nyingi ni za matembezi ya likizo, lakini maelfu ya watu wamezifanya makazi.

Boti ya kawaida ya huko ni nyembamba sana. Upana wake ni kama mita 2.1, na ndefu kabisa hufikia kama mita 22. Ukikaa ndani na kunyoosha mikono, karibu uguse kuta zote mbili. Humo kuna kitanda, jiko dogo la kupikia, choo, jiko la chuma la kuni au makaa la kupashia joto, na mtambo wa dizeli. Wembamba huo ulitokana na vyumba vya maji vyenye malango, ambavyo boti huingia ili ipandishwe au ishushwe pale ardhi inapobadilika kimo. Vilijengwa vyembamba, na boti zikafuata. Ndiyo maana wahenga wetu walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Wapo wenye mahali pao pa kudumu pa kuegesha. Wengine hawana. Hao wasio na mahali pao, kwa sheria ya mwaka 1995, hawaruhusiwi kukaa sehemu moja kwa zaidi ya siku 14 mfululizo, isipokuwa kama kuna sababu ya msingi. Lazima wafungue kamba, waende, wafunge mahali pengine. Wamo wastaafu waliopenda maisha ya utulivu. Wamo pia vijana wafanyakazi wa London waliokimbia kodi za nyumba zisizolipika. Kiangazi mtu akiwaona wamekaa juu ya paa la boti na kikombe cha chai, atawaonea wivu. Aje awatazame Novemba.

Novemba giza linaingia saa kumi na nusu jioni. Paneli za sola zinazochaji betri hazipati jua la kutosha. Kuni zinalowa. Majani yaliyopukutika yanajisokota kwenye pangaboi chini ya boti, na mwenyewe inabidi azime mtambo, afungue kifuniko cha nyuma, aingize mkono kwenye maji ya baridi kali na kuyatoa moja moja. Ubavu wa boti ni mrefu na bapa kama ukuta, hivyo upepo wa pembeni huisukuma ovyo. Boti haina breki, na uzito wake ni tani kumi na kadhaa.

Kisha zinakuja dhoruba zenyewe. Tangu mwaka 2015 mamlaka za hali ya hewa za Uingereza na Ireland huzipa majina kwa mpangilio wa alfabeti, orodha mpya ikianza kila Septemba. Ya kwanza kabisa iliitwa Abigail, nayo ilipiga Novemba ya mwaka huo. Oktoba 2023 ilikuja Babet na mvua kubwa zilizoleta mafuriko na kuua watu. Haikuchukua wiki nyingi, mwanzoni mwa Novemba ikafuata Ciarán. Zikifuatana namna hiyo, ardhi hushiba maji, na mvua inayofuata yote hukimbilia mitoni.

Hapo ndipo tofauti ya mfereji na mto huonekana. Mfereji ulichimbwa na binadamu, na kimo cha maji yake kwa kawaida kinadhibitiwa. Mto ni kiumbe kingine. Unaweza kupanda mita nzima na zaidi, ukaanza kukimbia kwa nguvu, ukabeba magogo. Kwenye Mto Thames, juu ya sehemu inayofikiwa na maji ya bahari, walinzi wa malango hutundika mbao za tahadhari. Ubao wa njano huonya kwamba mkondo unaongezeka au unapungua. Ubao mwekundu una maana kwamba mkondo ni mkali, nao wenye boti hushauriwa wabaki walipofungwa.

Ndugu msomaji, tuanzie kwenye ubao huo mwekundu, kwa sababu Maandiko yana kisa chake. Somo la Matendo ya Mitume sura ya 27 wengi tumelisikia kama habari ya meli kuvunjika, lakini tunasahau kwamba nayo ni habari ya vuli. Mtakatifu Luka anaeleza kuwa siku ya mfungo wa Wayahudi ilikuwa imekwisha kupita, yaani ilikuwa Septemba au Oktoba, wakati ambapo kusafiri baharini kulikuwa hatari. Paulo, mfungwa, aliwaonya wasiondoke Bandari Nzuri. Akida Yulio akamsikiliza nahodha na mwenye meli kuliko Paulo. Wengi nao walitaka kuendelea, kwa kuwa bandari ile haikuwa nzuri ya kukaa wakati wa baridi. Halafu ukavuma upepo mwanana wa kusini. Wakadhani wamepata walichotaka, wakang'oa nanga.

Upepo mwanana! Ni watu wangapi tunaowafahamu waliong'oa nanga kwa sababu ya upepo mwanana? Biashara imeyumba, ada za watoto zinadaiwa, kila dalili ni nyekundu, mara simu inalia: kuna mkopo, hauna dhamana, unaingia leoleo. Mtu anachukua mkopo wa kausha damu ili kulipa mkopo wa kausha damu. Mwingine ndoa inawaka moto, na kila mwenye hekima anamwambia tulia, usiamue jambo kubwa ukiwa na hasira. Lakini kuna sauti laini pembeni inayomwambia ondoka tu, mbele kuna raha. Boti nyingi huzama kwa sababu mwenye boti alikuwa na haraka ya kufika. Kubaki ulipofungwa, wakati mto umefurika, si uvivu wala si kukosa imani. Ni utii kwa ukweli.

Lakini kubaki peke yake hakutoshi, na hapa ndipo kuna fundisho ninalotaka ulibebe. Swali kubwa la mwenye boti usiku wa mafuriko ni hili: kamba nimezifungaje?

Zipo namna mbili za kukosea, na zote mbili huharibu boti. Ya kwanza ni kufunga kwa kukaza. Mtu anaona upepo unaongezeka, anaogopa boti isiende, anakaza kamba mpaka boti inakumbatia ukingo. Usiku mto unapanda. Boti inataka kupanda nayo, maana ndivyo ilivyoundwa, lakini kamba imeshikilia ubavu mmoja chini. Boti inainama. Maji yakifika kwenye matundu ya pembeni, yanaingia, na boti iliyokuwa nzima kabisa inazama ikiwa imefungwa vizuri ukingoni. Iliyoizamisha ni ile kamba ya kuilinda.

Namna ya pili ni kulegeza kupita kiasi. Mto unapanda hadi kufunika ukingo, boti inaelea na kukaa juu ya shamba la mtu. Mwenyewe amelala, anaona mambo shwari. Maji yakishuka, boti inabaki nchi kavu, au nusu ukingoni na nusu hewani, inapinduka. Kwa sababu hiyo wenye uzoefu hutumia upondo mrefu kati ya boti na ukingo, kuizuia isipande nchi kavu.

Na kuna la tatu ambalo hata si kosa, ni maafa: kamba kufunguka kabisa, au kigingi kung'oka kwenye udongo ulioloa. Boti isiyo na kamba katika mto uliofurika haina mwenyewe tena. Mkondo unaipeleka kwenye nguzo za daraja au kwenye maporomoko ya kingo za maji, na walio ndani wako hatarini.

Basi kamba njema ni ile iliyofungwa mahali imara, na yenye nafasi ya kutosha boti ipande na maji. Kisha hairuhusiwi kusahaulika. Maji yakipanda, mtu anatoka na kurunzi na koti la mvua, anailegeza kidogo. Yakishuka, anaivuta. Anaweza kutoka mara nne kwa usiku mmoja.

Nawaomba wazazi mlifikirie hilo. Binti amerudi kutoka chuoni ana mimba. Kijana ameacha kwenda kanisani, au ameanza pombe. Maji yamepanda nyumbani. Mzazi wa kwanza anakaza kamba: humu ndani hakuna mambo hayo, ukivuka mlango huo usirudi. Anadhani anailinda familia na jina lake, kumbe ameukandamiza ubavu mmoja chini ya maji, na wakati mwingine tunakuja kuzika. Mzazi wa pili analegeza kila kitu: siku hizi dunia imebadilika, kila mtu na maisha yake. Huyo siku maji yakishuka atamkuta mwanawe amekwama mahali ambapo hawezi kujitoa. Mzazi wa Injili ni yule baba wa mwana mpotevu. Alimruhusu kwenda, lakini hakufungua kamba. Alikuwa bado anatazama njia, ndiyo maana alimwona akiwa angali mbali.

Wanandoa nanyi, mwenzi aliyefukuzwa kazi, au aliyefiwa na mama yake, au anayeugua, hatakuwa yule wa siku za harusi. Maji yamempandisha mahali pengine. Ukimtaka abaki kimo kilekile cha zamani, utamzamisha. Ukimwacha aelee atakapo, utampoteza. Agano la ndoa ni kamba isiyofunguliwa, lakini upendo ndio mkono unaotoka usiku wa manane kuilegeza na kuivuta kadiri ya haja.

Wahenga husema kamba hukatikia pabovu, kwa hiyo tuulize pia imefungwa kwenye nini. Kigingi kilichopigwa kwenye udongo hushika vizuri wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha wiki mbili, udongo unakuwa uji. Imani iliyopigwa kwenye hisia nzuri, kwenye kwaya tamu au ahadi ya kwamba ukisali hutapata shida, ni kigingi cha kiangazi. Mabaharia wa meli ya Paulo, walipohisi wanakaribia nchi kavu gizani, walitupa nanga nne kutoka shetrini, wakaomba kupambazuke. Mkatoliki naye ana nanga zake: Misa ya Dominika hata asipojisikia, Kitubio, sala ya familia jioni, na Neno la Mungu. Hizo huzifundi usiku wa dhoruba. Unakuwa nazo tayari.

Kuna hatari nyingine ya vuli isiyotoka nje. Baridi ikizidi, mwenye boti hushawishika kuziba kila tundu la hewa ili joto la jiko lisipotee. Jiko likiwaka vibaya, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na waliolala ndani hawaamki. Watu wamekufa namna hiyo, dhoruba ikivuma nje na wao wakijiona salama. Hata kwetu wako waliokufa kwa kulala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, nami nakusihi usithubutu. Lakini iko pia familia inayoziba matundu yake ya hewa kwa aibu. Ina tatizo, nayo inajifungia. Jumuiya ikibisha hodi, wanajibu sisi wazima. Wanaendelea kuvuta sumu ya ukimya mpaka siku jirani anashangaa kusikia yaliyotokea.

Kwa hiyo hakuna anayeivuka vuli ya mtoni peke yake. Watu wa boti ndivyo wanavyoishi. Ukiona boti ya jirani imelegea naye hayupo, unamfungia. Kigingi kimeng'oka, unakigongelea. Historia yao inaonyesha walivyohitaji watu wa kuwatazama. Katika karne ya 19, reli ziliposhusha kipato cha mifereji, waendesha boti wengi walihamia na familia zao ndani ya chumba kimoja cha nyuma chenye urefu wa kama mita tatu. Watoto walikosa shule na matibabu. Mtu mmoja, George Smith wa Coalville, alipaza sauti mpaka Bunge likapitisha sheria ya boti za mifereji mwaka 1877.

Baadaye, katika kijiji cha Stoke Bruerne, aliishi muuguzi aliyeitwa Mary Ward. Usimchanganye na yule wa karne ya 17 aliyeanzisha shirika la masista wa Loreto, ambao Wakenya wanawajua kwa shule zao. Huyu hakuwa mtawa, ingawa watu wa boti walimwita Sister Mary, kama wauguzi wakuu wanavyoitwa huko. Boti zilipita mbele ya mlango wake, naye aliwahudumia wagonjwa, wajawazito na watoto wa watu ambao hawakuwa na anwani. Mwaka 1951 alitunukiwa nishani na Serikali, lakini nadhani tuzo yake kubwa ni kwamba mama wa boti aliyekuwa na mtoto mgonjwa alijua ni mlango gani wa kubisha.

Ufaransa nako, mjini Conflans-Sainte-Honorine, mahali Mto Oise unapokutana na Mto Seine, kuna boti kubwa ya zege iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Tangu miaka ya 1930 ni kanisa la watu wa mtoni. Baadaye ilifungua milango kwa maskini na wakimbizi. Jina lake ni Je Sers, maana yake ninatumikia. Naona hilo ni jina ambalo kila parokia ingeweza kulipigania.

Nirudi kwa Bwana wetu. Marko, katika sura ya nne, anasimulia Yesu akiwa amelala shetrini, kichwa juu ya mto wa kulalia, wakati mawimbi yanajaza chombo. Tumehubiri sana juu ya hofu ya mitume. Lakini Marko ameweka jambo dogo ambalo tunalipita: palikuwa na vyombo vingine pamoja naye. Waliokuwa katika vyombo hivyo hawakumwona Yesu akisimama, pengine hawakusikia neno lake. Lakini bahari ilipotulia, ilitulia na kwao pia. Ukiwa na Kristo ndani ya chombo chako, jirani yako naye hupata shwari.

Wiki hii, basi, fanya mambo mawili. Itazame kamba moja nyumbani kwako, ya mtoto, ya mwenzi au ya mzazi mzee, ujiulize mbele za Mungu kama yahitaji kulegezwa au kuvutwa. Kisha mtazame jirani mmoja ambaye maji yamempanda, hasa mjane au mgane anayeupita mwezi huu wa marehemu kwa mara ya kwanza peke yake. Usimpigie tu simu. Nenda ukagonge kigingi chake.

Bwana atujalie mikono ya kushika bila kunyonga, na kuachia bila kutelekeza. Nawatakia Dominika njema.